Bure ya Kigoma isiishie kwenye bango

Uzazi wa mpango Kigoma ni bure. Ndivyo sera inavyosema kwa vituo vya serikali, na ndivyo bango la Nyota ya Kijani, nembo ya uzazi wa mpango, linavyomwahidi mama anayeingia zahanati. Naipenda sera hiyo, na tangu nihamie Oregon, Marekani, naipenda zaidi, maana huku nimemwona mwanamke akirudisha vidonge dirishani baada ya kutajiwa bei.

Huku mambo yote ni bima. Sheria ya afya aliyosaini Obama 2010 ilizibana kampuni, na kuanzia 2012 bima nyingi zikawa zinalipia dawa za kuzuia mimba zilizoandikwa na daktari bila mteja kuchangia hata senti. Mimi nina bima ya kazini, silipi kitu. Mwenzangu ninayefanya naye usafi anapewa saa chache, hana bima. Analipia kumwona daktari, kisha analipia vidonge. Tangu 2024 kuna Opill, vidonge vinavyouzwa bila cheti cha daktari, kama dola 20 kwa mwezi. Ni ahueni, lakini kwa mtu anayetuma hela nyumbani, dola 20 zinauma.

Sasa njoo mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini kule Uvinza. Mdogo wangu anatumia vidonge. Kituoni anapewa pakiti tatu, miezi mitatu ikipita apande boti tena. Nauli ya kwenda na kurudi inakula mauzo ya dagaa ya siku nzima, mtoto yuko mgongoni, na ziwa likichafuka safari imekufa. Kuna siku anafika, muuguzi anamwambia: "Dada, vimeisha, kaangalie duka la dawa." Dukani analipia. Hiyo ni bure gani? Alikatiza dozi kwa mtindo huo, akashika mimba mtoto wa mwisho hajafikisha mwaka. Walitoka salama wote wawili, namshukuru Mungu, lakini hasira ninayo mpaka leo.

Oregon ilipitisha sheria 2015 kwamba bima zilipie vidonge vya miezi 12 kwa mkupuo, na mwaka huo huo ikaruhusu wafamasia kuviandika wenyewe. Hilo ndilo nalitaka kwetu. Mama aliyekwisha kupimwa presha na kuvizoea vidonge vyake apewe vya mwaka mzima. Vinaenea kwenye pochi. (Na wale ambao waume zao hawataki kusikia habari hizi, safari zikipungua maswali nayo yanapungua.) Anayetaka kijiti, kinachokaa miaka 3 hadi 5, au kitanzi cha shaba, kinachofika hata miaka 10, afuatwe kijijini kwa huduma ya mkoba.

Mtasema akiba haitoshi kumpa mtu mmoja dawa za mwaka. Kweli, na hapo ndipo pa kupambania. USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, waliokuwa wanunuzi wakubwa wa dawa hizi kwa nchi nyingi, wamefungwa 2025. Halmashauri zetu ziweke fungu lao wenyewe, lisomwe hadharani kama linavyosomwa la madawati. Mdogo wangu nimemwomba asimame kwenye mkutano wa kijiji aulize: zahanati iliagiza pakiti ngapi robo hii, zikaja ngapi?