Msumeno wa slaidi Tabora: pima kwa mlango, usipime kwa bodi

Muuzaji wa mashine, umkute Kariakoo au umpigie simu, swali lake la kwanza ni moja: "Fundi, unataka ya ngapi?" Fundi wetu, kwa kuwa hataki kuonekana mnyonge, anajibu ya 3200, yaani urefu wa slaidi kwa milimita. Hapo biashara imeisha. Kinachobaki ni kuhesabu hela na kutafuta lori la kupandisha mzigo Tabora.

Mimi napinga. Kwa karakana ndogo za mji huu, zile za fundi mmoja na vijana wawili watatu pale Isevya, Ng'ambo au Kiloleni, slaidi ya milimita 3200 ni ndefu mno na ya 1600 ni fupi mno. Nunua ya 2600, au iliyo karibu na hapo. Na sababu yangu haitokani na MDF, ile bodi ya nyuzi za mbao zilizogandamizwa. Inatokana na mninga.

Tuelewane kwanza kuhusu mashine yenyewe. Kwenye msumeno wa meza wa kawaida, meza imetulia na mbao ndiyo inayosukumwa huku imeegemea fensi, yaani ukingo wa kuiongoza. Kwenye slaidi, kushoto kwa bledi, lile duara la meno linalokata, kuna meza nyembamba na ndefu ya aluminiamu inayokimbia kwenye reli. Mbao inalala juu yake, inabanwa, halafu vyote viwili vinapita pamoja kwenye bledi. Tofauti ni hiyo tu, na hela yote unayoongeza inalipia hiyo.

Kijana mmoja aliniuliza juzi: "Kaka, hiyo si mashine ya watu wa bodi? Mimi wa mninga itanisaidia nini?" Ndivyo wengi wanavyoamini, na si kosa lao, maana tumeanza kuziona mashine hizi kwa watengeneza makabati ya jikoni. Lakini Wilhelm Altendorf, seremala wa Kijerumani anayetajwa kuwa mwanzilishi wa msumeno huu, aliutengeneza Berlin mwaka 1906. Wakati huo hakuna kiwanda kilichokuwa kikitoa chipbodi, bodi ya vipande vya mbao vilivyogundishwa. Hiyo ilikuja kuanza kuzalishwa kiwandani miaka ya 1940, na MDF ikafuata miaka ya 1960. Mashine imezitangulia bodi kwa miongo kadhaa. Ilizaliwa kwenye mbao.

Sasa tazama ubao wa mninga unavyotufikia kutoka porini, umepasuliwa kwa msumeno wa mkono au wa cheni. (Nazungumzia ubao wenye alama ya nyundo ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na karatasi zake, ule unaoingia usiku sina ushauri nao.) Kichwani una inchi 6, ukifika mwisho una 5 na robo, na katikati una tumbo. Fensi haiwezi kukusaidia hapo, kwa sababu fensi inadai ukingo ulionyooka ndipo ikupe mwingine ulionyooka. Ukilazimisha, ubao unajipinda kati ya fensi na bledi, meno ya nyuma yanaunyanyua, na unarudi kwa kasi tumboni mwa aliyesimama nyuma yake. Ndiyo maana tumezoea kupiga uzi wa chaki na kuhangaika na randa.

Kwenye slaidi unaulaza ubao, ukingo mbovu unauacha utokeze kidogo upande wa bledi, unabana kichwa na mkia, unasukuma. Mara moja. Ukingo unatoka umenyooka, wala hukutumia jicho wala randa. Kisha ubao unaugeuza, ukingo mpya unaegemea fensi, unapasua upande wa pili kwa upana unaoutaka. Kwa fundi wa milango hii ndiyo kazi inayokula siku nzima, na mashine inaimaliza kabla ya chai ya saa 4.

Na mlango ndio utakaokupa kipimo. Mguu wa fremu ya futi 7 ni milimita 2134. Slaidi ya 1600 haiufikishi mwisho. Utakata, utasimama, utasogeza, utakata tena, na pale ulipounganisha patabaki ngazi. Ya 2600 inaumaliza kwa pumzi moja. Bodi ya futi 8 kwa 4 ina urefu wa 2440, nayo inaingia. Inayobaki nje ni bodi ya 9 kwa 6, yenye 2745 hivi. Hiyo naipasua kwanza chini kwa msumeno wa mkono wa umeme, nimebana ubao ulionyooka uwe mwongozo, naacha milimita 5 za ziada, halafu slaidi inasafisha.

Tahadhari moja kuhusu namba za karatasini. 2600 inaweza kuwa urefu wa meza, si urefu wa mkato. Nenda na futi yako. Rudisha slaidi nyuma kabisa, weka kibanio mahali pake, upime mbao ya urefu gani inaingia kabla ya kugusa bledi na inatoka yote baada ya bledi.

Kuhusu nafasi sitakuchosha. Slaidi ya 2600 ikienda na kurudi inataka mita 5 na nusu hivi, na hapo bado hatujampa fundi pa kusimama. Ya 3200 inakaribia mita 7. Chumba cha mita 4 kwa 6 hakiimezi hiyo, labda ubomoe ukuta, na mwenye nyumba ana la kusema.

Umeme ndipo watu wanapoumia. Slaidi za ukubwa huu nyingi huja na mota ya kilowati 4 au 5.5, fezi tatu. Karakana nyingi za mtaani zina fezi moja. Muuzaji atakwambia, "Hiyo si tatizo bosi, unafunga inveta." Inawezekana, ila kabla hujaitikia soma kibati cha mota. Kikiwa kimeandikwa volti 220/380, mota hiyo inaweza kufungwa delta, yaani nyaya zake kuunganishwa kwa volti ndogo kati ya hizo mbili, na kuendeshwa na inveta inayopokea fezi moja ya nyumbani na kutoa fezi tatu za volti 220. Kikiwa kimeandikwa 380/660, inveta hiyo haitaipa nguvu yake kamili. Utakuwa umenunua kilowati 5.5 na unatumia sehemu tu. Hapo ama uombe TANESCO fezi tatu kabla hujalipia mashine, ama utafute yenye mota ya fezi moja ya kilowati 3 kushuka chini, ukubali kusukuma polepole kwenye mninga wa inchi 2.

Kuna na suala la umeme kupungua jioni. Nguvu ya mota ya kusokota haishuki sawasawa na volti. Inashuka kwa mraba wake. Volti zikitoka 230 zikafika 190, umepoteza karibu theluthi moja ya nguvu, na bledi itakwama ndani ya mbao ngumu huku mota ikinuka. Kazi nzito fanyeni asubuhi. Na starta ya sta-delta kwenye mashine ya fezi tatu si pambo, inapunguza mshtuko wa kuwasha.

Mpya nyepesi au mtumba mzito? Kwangu mimi mtumba mzito, wa meza ya chuma cha kumimina, kwa sharti moja: uukague mwenyewe ukiwa umesimama mbele yake. Video za WhatsApp hazionyeshi kinachotakiwa.

Vuta slaidi mpaka mwisho, halafu bonyeza ncha yake kwa kiganja kama unaamka kutoka kitini. Ikicheza, au ukisikia inagonga, reli au beringi zimekwisha. Kisha chomoa umeme, weka alama ya chaki kwenye jino moja la bledi, bana kijiti kwenye slaidi mpaka kiguse jino hilo likiwa mbele. Sukuma slaidi, zungusha bledi, jino lilelile sasa liko nyuma. Kijiti kiliguse vilevile, au kibaki pengo la unywele. Kikigandamiza, bledi inakata kwa meno ya nyuma, na mkato utaungua.

La mwisho ni mikato mitano. Chukua kipande cha MDF cha sentimita 60 kwa 60. Kata upande mmoja, zungusha ili ukingo uliokatwa uegemee fensi ya slaidi, kata wa pili, wa tatu, wa nne. Kwenye mkato wa tano, ambao ni upande wa kwanza tena, toa kipande chembamba cha senti 3. Pima unene wake kichwani na mkiani kwa kalipa. Tofauti utakayoipata igawe kwa 4, kwa sababu kosa limejirudia mara nne. Ukipata 30.4 huku na 30.0 kule, kosa lako ni sehemu ya kumi ya milimita kwenye senti 60, na huo ni msumeno mzuri. Ukipata tofauti ya milimita 4, usikimbie bado. Huenda fensi imelegea tu, na fensi ina boliti ya kurekebisha. Slaidi iliyopinda ndiyo haina boliti.

Utasifiwa pia bledi ndogo ya mbele, ile inayozunguka kinyume na kuchana juujuu ili melamini, bodi yenye ngozi ngumu ya kung'aa, isimeguke. Kwa mwenye kukata melamini kila siku ni ya lazima. Kwa mninga haina kazi, na mashine isiyokuwa nayo isikutie huzuni, hasa kama imepunguza bei.

Kile kisu kinachosimama nyuma ya bledi, kinachozuia mbao isijifunge baada ya kupasuliwa, naona kinatolewa kwenye karakana nyingi na kutupwa kwenye ndoo ya misumari. Mbao mbichi hujifunga. Kirudishe, kikae milimita 3 hadi 8 kutoka kwenye meno. Na vumbi la mninga linawasha ngozi na kuna wanaobanwa kifua nalo. Taasisi ya IARC, inayochunguza visababishi vya saratani, iliweka vumbi la mbao kwenye orodha yake ya vinavyothibitika mwaka 1995. Kwa hiyo bei ya mashine ya kufyonza vumbi iingie kwenye bajeti ileile, isisubiri "tukipata."

Kama wewe unaishi kwa makabati ya jikoni na bodi za 9 kwa 6 zinashuka mlangoni kila wiki, haya yote hayakuhusu. Una fezi tatu na jengo la mita 8? Chukua ya 3200, na ile bledi ndogo usiiache.

Sisi wengine tutaanza na bledi mbili za milimita 300: ya meno 24 ya kupasua mninga kwa urefu, na ya meno 60 ya kukata vichwa. Ya meno 96 tutainunua siku mteja wa kwanza wa melamini akishalipa nusu ya kazi.