Saratani ya matiti, sawa, lakini ya aina gani?

Nimeisoma karatasi ya majibu ya mama mdogo na hasira hazijanitoka. Imeandikwa saratani ya matiti, basi. Vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazopokea homoni, havikupimwa, wala HER2, protini inayochochea seli kukua. Na daktari ameshamwandikia tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni ya estrojeni isiukuze uvimbe.

Dawa hiyo inasaidia pale uvimbe unapokuwa na vipokezi vya homoni. Usipokuwa navyo, mgonjwa anameza vidonge bure huku ugonjwa unasonga. Hilo ndilo linaloniuma.

Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Njia huachana mapema sana, jeni zinapoanza kuharibika ndani ya seli. Kuna uvimbe ambao jeni ya HER2, iliyoko kwenye kromosomu (uzi unaobeba jeni) ya 17, imejirudufu mno kupita nakala mbili za kawaida. Huo una dawa yake, trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani tangu 1998. Mwanamke aliyerithi hitilafu ya jeni ya BRCA1 akiugua, mara nyingi hupata ile isiyo na vipokezi vya estrojeni wala vya projesteroni, wala HER2 iliyozidi, na hiyo tamoksifeni haiigusi. Halafu kuna zinazokuzwa na homoni. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walionyesha kuwa katika baadhi ya saratani za matiti, kromosomu ya 1 na ya 16 huwa ziliungana vibaya tangu umri wa kubalehe. Binti bado yuko shuleni! Uvimbe unakuja kushikika miongo baadaye. Tafadhali, tuache kuwauliza wagonjwa walikula nini.

Haya, vipimo ni ghali na maabara ziko mbali, nakubali. Ila dawa isiyo yake nayo inalipiwa, na muda haurudi.

Na kile kinyama kinachokatwa kwenye uvimbe ili kipimwe, tukiheshimu. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya maji ya kukihifadhi, ndani ya saa moja, na kisikae humo zaidi ya siku 3, la sivyo majibu ya vipokezi yanaweza kupotosha. Ndugu ndio wanaokabidhiwa kichupa wakipeleke mjini, bila kuambiwa lolote. Nimekiona ndani ya basi, kimefungwa kwenye kanga, chini ya kiti.

Cha mama mdogo kimehifadhiwa maabara kwenye kitofali cha nta, na bado kinaweza kupimwa. Jumatatu tunakwenda kukidai, na vidonge vinamsubiri daktari aone majibu.