Florida State 2023: Mechi 13, Ushindi 13, na Kutolewa Mezani

Mjadala wa msimu wa 2023 wa Florida State (FSU), timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani, ukipamba moto, hakosekani wa kutaja matokeo haya akidhani kesi imekwisha: 63–3. Hivyo ndivyo Georgia ilivyoichapa FSU kwenye Orange Bowl, mechi ya mwisho wa msimu isiyo ya ubingwa, Desemba 30, siku 27 baada ya kamati ya watu 13 kuinyima nafasi ya kuwania ubingwa wa futiboli ya vyuo Marekani. Basi, huambiwa tunyamaze, kamati iliona mbali.

Wafuatiliaji wanayajua yaliyotangulia. FSU ya kocha Mike Norvell ilishinda mechi zote 13 na kutwaa ubingwa wa ligi ya ACC. Novemba 18, dhidi ya North Alabama, kwotabeki wake (mrusha pasi mkuu) Jordan Travis aliumia mguu vibaya na msimu wake ukaishia hapo. Desemba 3 kamati ikateua timu nne za kucheza nusu fainali: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Texas na Alabama zilikuwa zimepoteza mechi moja kila moja. Tangu mfumo wa timu nne uanze msimu wa 2014, hakuna bingwa wa ligi kubwa aliyekuwa amemaliza bila kupoteza kisha akaachwa nje.

Kamati haikukurupuka. Mwongozo wake unaruhusu kutazama kukosekana kwa mchezaji muhimu, na mwenyekiti wake, Boo Corrigan, alisema wazi kwamba FSU bila Travis ni timu nyingine. Fainali ya ACC ilimpa ushahidi: Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, alikamilisha pasi 8 kati ya 21 kwa yadi 55. Mechi nzima! Kuna makwotabeki wanaozipata hizo kwa pasi moja. Siku hiyohiyo Alabama iliifunga Georgia 27–24 na kuvunja mfululizo wake wa ushindi wa mechi 29. Tena Januari 1 Alabama iliipeleka Michigan, bingwa wa baadaye, hadi muda wa nyongeza kabla ya kulala 27–20. Hakuna anayeweza kusema ilikuwa msindikizaji.

Lakini fainali hiyo ya ACC ilichezwa na pande mbili za uwanja. Louisville iliingia ikiwa na ushindi 10 na vipigo viwili, ikatoka na pointi 6 bila tachidauni (bao kubwa la mchezo huu) hata moja, na yadi 188 kwa jumla. FSU walishinda 16–6 kwa ulinzi. Wiki moja kabla walikwenda Gainesville, nyumbani kwa mahasimu wao Florida, wakashinda 24–15 huku Tate Rodemaker akiwa mahali pa Travis. Mechi mbili kamili bila nyota wao, zote nje ya Tallahassee, mji wao wa nyumbani, zote ushindi. Kamati ilitaka kujua FSU bila Travis inafanana na nini, ikaonyeshwa mara mbili, ikasema haijaridhika na namna ya kushinda.

Hapo ndipo penye utata. Glenn alianza fainali kwa sababu Rodemaker alipata mtikisiko wa ubongo Gainesville. Glenn alikuwa chaguo la tatu. Kati ya fainali hiyo na nusu fainali za Januari 1 kulikuwa na takriban mwezi mzima wa Rodemaker kupona na Glenn kufundishwa. Yadi 55 zilizoiponza FSU zilikuwa za kikosi ambacho huenda kisingeshuka uwanjani siku hiyo.

Travis mwenyewe aliligusa jambo hili kuliko wachambuzi wengi. Aliandika mtandaoni kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi, watu waone kuwa timu ile si kwotabeki peke yake. Chukua maneno hayo kama hesabu, si kama kilio. Angeumia Septemba, na FSU wakashinda zilizobaki kwa shida na Rodemaker, kamati ingesema nini? Ingewasifu kwa ukomavu. Ushindi ni uleule, wachezaji walewale. Kilichobadilika ni tarehe ya jeraha.

Mfano wa Ohio State ya 2014 hutajwa sana, nao haumalizi ubishi wote. Ilipoteza makwotabeki wawili, ikaingia na Cardale Jones, ikatwaa taji. Watetezi wa kamati hujibu kwamba Jones alishinda fainali ya ligi yake 59–0, si 16–6. Kweli. Ila ukilikubali jibu hilo umekubali pia kwamba kushinda hakutoshi, sharti ushinde kwa madaha, na kanuni hiyo haikuwabana wote kwa usawa. Novemba 25 Alabama iliponea kwa Auburn 27–24 kwa pasi ya jaribio la nne, yaani la mwisho, kutoka yadi ya 31, na hakuna aliyeiita timu nyingine. Kuhusu LSU, mpinzani wa wote wawili: Alabama iliifunga kwa tofauti ya pointi 14 ikiwa nyumbani kwa Alabama, FSU kwa 21 huko Orlando. Najua, Travis alikuwepo. Lakini wengine waliocheza siku ile bado walikuwepo Desemba.

Turudi kwenye 63–3. Zaidi ya wachezaji 20 wa FSU hawakucheza. Keon Coleman, Johnny Wilson, Trey Benson na Jared Verse walikuwa wameshageukia drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya NFL, ligi ya kulipwa, na Rodemaker alikuwa anahama chuo. Unaweza kuwalaumu, na wapo wanaowalaumu, lakini huwezi kukitumia kikosi kilichosusa kupima kikosi kilichonyimwa. Halafu Georgia hiyohiyo, Januari 2023, iliifunga TCU 65–7 kwenye fainali yenyewe ya taifa. TCU ilikuwa imeingia kwenye nne bora baada ya kupoteza fainali ya ligi yake kwa Kansas State, ikaitoa Michigan 51–45, kisha ikachakazwa. Kipigo hicho hakikufuta ushindi wake juu ya Michigan. Ushindi huo usingekuwepo kama TCU ingezuiwa mlangoni kwa hofu ya kuaibika mbele ya Georgia.

Msimu uliofuata timu zikawa 12, na mabingwa watano wa ligi walio juu zaidi kwenye orodha ya kamati wakapewa nafasi kwa haki yao. Kwa kanuni hiyo FSU ya 2023, bingwa wa tano nyuma ya wale wanne, ingeingia bila kuombewa, na mechi yake ya kwanza ingechezwa nyumbani Tallahassee.