Kuvu za mizizini: jina peke yake halitoshi

Ng'oa mche wa mtama, kung'uta udongo, tazama mizizi: hutaona chochote cha ajabu. Kumbe ndani yake zinaishi kuvu za mikoriza ya arbuskula (zinazoishi ndani ya mizizi), zinazokula sukari ya mmea na kuulipa fosforasi, zikiifuata kwa nyuzi nyembamba mahali ambapo mizizi haifiki. Zaidi ya theluthi mbili ya mimea ya nchi kavu huishi hivi, mihogo na mahindi yetu ikiwemo. Aina zilizokwisha kupewa majina rasmi ni mia tatu na ushee tu.

Ndiyo maana wapo wanaohimiza tuzitambue haraka. Nchini Benin, utafiti ulioongozwa na Atti Tchabi na kuchapishwa mwaka 2008 ulikuta savana isiyolimwa ina aina nyingi kuliko mashamba, na kadiri kilimo kilivyozidi, aina zilizidi kupungua. Mwaka uliofuata aina mpya kutoka nchi hiyo ikaitwa Racocetra beninensis. Hoja yao naielewa na inanigusa: kitu kisicho na jina hakiingii kwenye hesabu, na kikitoweka hakuna atakayejua kwamba kilikuwepo.

Lakini angalia kazi yenyewe inavyofanywa. Udongo unachanganywa na maji, unapitishwa kwenye chekecheo zenye matundu madogo mno, kisha masalia yanatiwa kwenye maji ya sukari nzito ili spora, yaani vijimbegu vya kuvu, zielee. Mtu anaokota spora moja moja chini ya hadubini, anaiweka kati ya vioo viwili, anaibonyeza mpaka ipasuke, anahesabu tabaka za ganda lake na kutazama lipi linageuka zambarau likiguswa na dawa yenye iodini. Na spora iliyotoka shambani huenda ni kuukuu, imeshatafunwa na wadudu, tabaka la nje limekwisha.

Makosa yametokea. Acaulospora gerdemannii na Glomus leptotichum zilidhaniwa aina mbili, hadi mwaka 1997 ilipoonyeshwa kuwa ni kuvu moja inayozaa spora za sura mbili. Leo inaitwa Ambispora leptoticha. Bila kuikuza kwenye chungu, nani angejua?

Wengine husema tuache spora, tusome DNA moja kwa moja kutoka kwenye mizizi. Kweli, njia hiyo imefichua kuvu nyingi ambazo spora zake hakuna aliyewahi kuziona, na hilo peke yake linatosha kuipa heshima. Ila spora moja ina mamia ya viini vinavyobeba DNA, na nakala za jeni ileile hutofautiana humohumo ndani. Tofauti ndogo ya herufi za DNA haitoshi kutangaza aina mpya.

Mimi naegemea upande wa chungu: kuvu ikuzwe na kutunzwa ikiwa hai, si kupewa jina tu. Mwaka 1984 kuvu ya mashamba ya mihogo ya Colombia ilipewa jina Glomus manihotis, na kwa kuwa ilitunzwa ikiwa hai, watafiti waliweza kuirudisha kwenye mihogo na kupima kama inaongeza mavuno. Jina lake baadaye limehamishwa kwenye jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) iitwayo Rhizophagus, lakini mkulima hapotezi kitu kwa hilo, maana kuvu yenyewe ipo.

Wanaopinga wana jibu zito. Kuvu hizi haziishi bila mzizi, hivyo lazima upande mtama kwenye mchanga uliochemshwa na kungoja miezi, na nyingi hukataa kabisa kuota. Tukingoja kila moja ikubali chungu, mashamba yatakuwa yamebadilika. Basi aina iliyokataa itangazwe kwa spora na DNA pamoja, isemwe wazi kwamba haijakuzwa, na udongo wake uhifadhiwe.

Kinachoniuma ni zile zilizokubali. Mradi ukiisha na makala ikichapishwa, mtama kwenye vyungu bado unataka maji, na vyungu vinataka kupandwa upya mara kwa mara. Mishahara ya watu wa kazi hiyo, hapahapa udongo ulikochotwa, iingizwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.