Kioo Hiki Kitaniua Siku Si Zangu

Mwenzenu mwaka jana nilijipinda nikanunua laptopu, mtumba wa Dubai, pale Kariakoo. Muuzaji akaifunua, akaipulizia "huuu", akaniambia, "Bosi, kioo hiki hata nzi akitua anateleza." Nikalipa. Leo nzi akitua pale hatelezi, anatembea kwa kushika kuta.

Mimi ni karani wa stoo ya saruji. Asubuhi napanda daladala Gongo la Mboto. Kupanda ni neno la heshima tu, ukweli ni kwamba unapandishwa. Begi nalikumbatia kifuani kama kichanga cha arobaini, konda mlangoni anapaza sauti, "Rudi nyuma, nyuma kweupe!" Kweupe kwa nani? Nyuma kuna mama na ndoo mbili, kuna kijana na spika yake, kuna baba mmoja kanigeuzia mgongo mpana kama kabati la nguo. Mgongo wote huo unaishia kwenye mfuniko wa laptopu yangu. Na mfuniko ule ni mwembamba, unabonyea kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Ukibonyea, kioo kinaenda kuibusu kibodi. Na kibodi yenyewe mimi naiandikia huku nakula mihogo ya kukaanga na chachandu. Busu la namna hiyo haliwezi kuacha mtu salama.

Jioni moja naifunua, moyo ukanilipuka. Kioo kizima kimejaa vijimraba vimejipanga safu kwa safu kama vigae vya bafuni. Nikivitazama vizuri naona hadi kile kirefu cha chini, kile cha kuruka nafasi. Nikasema basi, laki nne zangu zimekwaruzwa herufi kwa herufi.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kulalamika kwa sauti. Mtaani kwetu ukilalamika unatibiwa, utake usitake. Mama Zai, mke wangu, akaleta mafuta ya mgando, eti yanaziba mikwaruzo kama yanavyoziba magaga ya kisigino. Kweli yakaziba. Kuanzia hapo nikawa nasoma hesabu za saruji kwa ukungu, kama niko Lushoto mwezi wa saba. Mama mkwe kwenye simu akauliza kama nimejaribu majivu. Nikamwambia mama, shikamoo tena, kisha mtandao ukakatika wenyewe.

Halafu akaja Baba Rehema. Huyu zamani alikuwa anafufua sidii za taarabu kwa dawa ya meno. Anapaka, anasugua, anasuuza, sidii iliyokuwa inakwama inaimba hadi asubuhi. Mtu mwenye rekodi kama hiyo utambishiaje? Akaminya dawa ya meno saizi ya punje ya hindi, akaanza kusugua katikati ya kioo kwa duara, polepole, macho kayafumba, mimi namshikia tochi. Tulipofuta, vijimraba vya pale katikati vilikuwa vimekwisha. Nikamkumbatia yule mzee. Nikampa soda. Nikamwongezea na chapati. Kumbe nimelipia msiba.

Kesho yake kwenye mwanga wa dirishani, katikati ya kioo kuna doa linang'aa, mduara mkubwa kama sahani ya chai. Kwingine kote kumefifia vizuri kama kilivyotoka kiwandani, pale peke yake kunameremeta kama upara uliopakwa mafuta.

Nikaibeba hadi kwa fundi, mtaa wa Aggrey, kijana anayekaa chini ya ngazi na taa yake ya kichwani. Akaipokea, akaizima, akachukua kitambaa cha miwani, akakidondoshea maji matone mawili. Kwenye kitambaa, siyo kwenye kioo. Maji yakichuruzika hadi ukingo wa chini yanaingia ndani, na huko hayana biashara. Akapitisha mara moja, mkono mwepesi. Vijimraba sita vikatoweka. Nikamwuliza ametumia dawa gani.

"Maji, mzee. Hii siyo mikwaruzo, haya ni mafuta ya vidole vyako. Unapenda vya kukaanga?"

Nikanyamaza. Akasogeza taa. "Na hapa katikati?"

"Dawa ya meno."

Alinitazama kama daktari anavyomtazama mtu aliyeanzia kwa mganga. Akanieleza kwamba dawa ya meno ina unga laini, ni msasa uliotiwa mnanaa tu. Sidii imezaliwa nyororo, ukiisugua unairudishia unyororo wake. Kioo changu kimezaliwa na ukavu wa makusudi, kuna utando wa juu umeparazwa kidogo ili mwanga usikurudie machoni. Baba Rehema aliung'oa ule utando, kwa bidii, na tochi nilishika mimi.

Tena akaniambia hicho kioo si kioo. Kwenye laptopu nyingi ambazo kioo chake si cha kuendeshwa kwa kugusa na vidole, juu ni plastiki. Hebu nielezeni: miaka yote tunaita kioo, kumbe ni jina la heshima kama Mheshimiwa! Hata ingekuwa kioo halisi nisingepona, maana mchanga huu wa kawaida kwenye kipimo cha ugumu cha yule Mjerumani Mohs unafika 7, na kioo cha kawaida hakifiki 6. Sasa plastiki iko wapi hapo? Na mimi kila siku stooni, vumbi la saruji na mchanga likitua, nalifuta kavu kavu kwa mkono wa shati.

Kijana hajamaliza. Akabandua kile kiplastiki nilichobandika juu ya kamera. Nilisikia watu wanatazamwa kupitia kamera, nikajihami, ingawa sijui nani angepoteza bando lake kunitazama mimi nahesabu mifuko. Akasema kati ya kioo na kibodi hakuna hata nafasi ya kupitisha mchicha, ukifunga na kitu pale kioo kinapasuka. Apple wenyewe waliwatahadharisha wenye MacBook jambo hilo hilo mwaka 2020. Dawa ya vioo vya madirisha nayo akaniharamishia, na chaja nisiiweke upande wa kioo ndani ya begi.

"Mkwaruzo wa kweli uko mmoja tu, huu wa kona," akasema, akaupitishia ukucha, ukakwama. Huo naujua. Zai ana miaka mitatu, alitaka kumlisha uji mbuzi wa kwenye katuni, na kijiko kilikuwa cha bati. Kubadilisha kioo, laki na themanini. Nikafunga begi langu taratibu, nikamwambia nitarudi mwisho wa mwezi, naye akaitikia kwa sauti ya mtu aliyeahidiwa hivyo na wengi.

Sasa nina kitambaa cha miwani mfukoni na miwani sina. Kwenye daladala begi naligeuza, mfuniko wa laptopu uelekee kifuani kwangu, nikibanwa nabanwa mimi na mbavu zangu. Mihogo nakula kwa uma, stoo nzima wananiita Mzungu.

Lakini lile doa lipo. Jana asubuhi nimechelewa, naifunua nianze hesabu, nasikia kifua cha mtu begani kwangu, pini mdomoni.

"Baba Zai, usiiwashe kwanza. Sijamaliza kufunga mtandio."