Umeokoka ndugu? Tuanze hivyo au tusubiri aulize mwenyewe

Hii ishu ya kumwambia jirani habari za Yesu ikiibuka kwetu walokole watu wanagawanyika palepale. Kuna wanaosema mtu akikaa karibu yako muulize tu, ndugu umeokoka, ukifa leo unaenda wapi. Wengine wanasema hapana, ishi naye kwanza, ayaone maisha yako, iko siku atauliza mwenyewe.

Mi hao wa kwanza nawaelewa sana. Kama kweli unaamini kuna uzima wa milele halafu unakaa na jirani miaka na miaka mnasalimiana, mnachangiana harusi na misiba, na hujawahi kumtajia Yesu hata mara moja, hiyo busara gani, huo ni woga. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kagera mpaka Kenya haukwenda kwa watu kukaa kimya, walisimama wakasema Yesu amewatendea nini, ila pia waliungama, wakarudisha vitu vya watu walivyoiba, yaani aliyewasikia alikuwa na kitu cha kuona.

Sasa panda basi la asubuhi. Mhubiri anasimama katikati ya siti, Bwana asifiwe!, wanaitikia wachache, dirishani kuna mzee wa Kiislamu na kofia yake, nyuma mama ana mtoto anaumwa analia, sauti inapanda tu mpaka sadaka inakusanywa. Yule mzee hakuulizwa chochote na kushuka hawezi. Halafu ukimgusa mhubiri anakuambia Katiba inaniruhusu, na ni kweli, ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inasema kutangaza dini ni huru, lakini inasema pia ni jambo la hiari ya mtu binafsi, na mi hiyo hiari naiona ni ya msikilizaji pia. Wodini ndo mbaya zaidi, mgonjwa ana dripu mkononi unamwambia ukiokoka utapona, hapo siungi mkono kabisa.

Hao wa ishi naye kwanza wana hoja nzito kwa mazingira yetu maana familia zetu zimechanganyika, shemeji Muislamu, Idd tunakula pilau kwao, Krismasi wanakuja kwetu, na wengi tunaikumbuka mihadhara ya viwanjani ya miaka ya 80 na 90, Biblia na Kurani meza moja, watu wanashangilia kama mpira. Hakuna anayetaka hiyo irudi sebuleni kwake.

Ila na wao kuna kitu wanakikwepa. Unakuta mtu anamsaidia jirani, anampelekea chakula, anamwita rafiki, miezi inapita, akiona haji kanisani simu zinakatika. Jirani akija kujua kwamba ule wema wote ulikuwa mpango anaumia kuliko aliyepigiwa kelele kwenye basi, maana kwenye basi angalau hakudanganywa.

Mi nimesimama na Filipo wa kwenye Biblia, Matendo ya Mitume sura ya 8. Alimkuta towashi Mkushi anasoma Isaya kwenye gari lake, akamuuliza, je, yamekuelea haya unayosoma? Swali moja, la kile ambacho mtu mwenyewe alikuwa anakisoma, na hakupanda garini mpaka akaombwa apande. Hakujificha ila hakujilazimisha. Kwa hiyo jirani ajue mapema kwamba wewe ni Mkristo, lisije likawa jambo la kumshtukiza, na akikusimulia shida yake muulize, naweza kukuombea? Akikataa urafiki uendelee vilevile, na hapo ndo utajua ulikuwa urafiki au la.

Akikubali kuongea usishangae la kwanza lisiwe Yesu. Wengi wasioamini mtaani kwetu walishakaa kanisani, watakuuliza za michango, za mchungaji aliyetajirika waumini wakibaki vilevile. Tumezoea kukimbilia usimwangalie mwanadamu mwangalie Mungu, jamani tuache, mtu kaumizwa kweli. Msikilize mpaka amalize, na kama kanisa lilikosea sema lilikosea, mstari wa Biblia utakuja baadaye.