Hiyo "bei njoo inboksi" inakunyima zaidi ya wateja

Ingia kwenye ukurasa wa muuza mchele yeyote wa hapa Mbeya, uwe wa Instagram au Facebook. Picha safi, gunia limefunguliwa mdomo, punje ndefu zinang'aa, na maelezo yanasema ni mchele wa Kyela, supa kabisa. Chini yake watu wanauliza bei. Wote wanajibiwa kitu kimoja: "Njoo inboksi." Wengi hawaji, na siwalaumu.

Msimamo wangu ni kwamba utafiti wa soko uko palepale chini ya picha, wa bure, nasi tunaufukuza. Kampuni kubwa hulipa vijana wazunguke na madodoso nyumba kwa nyumba ili zijue mnunuzi anasita wapi. Kwako wewe, mnunuzi kaja kwa miguu yake, kaandika kinachomsumbua, halafu unampeleka pembeni ambako hakuna mwingine atakayedakia na kuongeza la kwake.

Maana maswali si ya bei tu. Yasome kwa utulivu. Yupo anayeuliza kama mchele una mawe. Yupo anayetaka kujua kama kweli ni wa Kyela au ni wa Mbarali uliobatizwa njiani. Yupo anayeuliza kama ni mpya au wa zamani, na huyu ndiye wa kumsikiliza kuliko wote. Mchele uliotoka shambani juzi, ukiupikia maji yaleyale ya siku zote, unashikana. Mtu wa Dar es Salaam mwenye wageni Jumapili anataka wali unaochambuka. Anaogopa kuandaa bokoboko mbele ya wakwe. Muuzaji aliyemwelewa ataandika kwenye tangazo linalofuata kwamba huu ni wa msimu uliopita, au kwamba ni mpya hivyo punguza maji. Sentensi hiyo inauza kuliko "supa kabisa" zote tulizokwisha kuziandika.

Kazi yenyewe haihitaji mtaalamu. Nunua daftari, kila jioni nakili maswali kama yalivyoandikwa, bila kuyanyoosha. Likirudi swali lilelile mara kwa mara, hilo ndilo tangazo lako la kesho. Laiki na vikopakopa achana navyo; vingi ni vya shangazi na uliosoma nao Sangu.

Vivyo hivyo status ya WhatsApp. Watu wanajisifu kwa idadi ya waliotazama, lakini status kwa kawaida inaonwa na mtu uliyehifadhi namba yake naye akahifadhi yako. Hao ni ndugu, majirani, wanakwaya wenzako na wateja wa zamani. Ukiwauliza mwezi wa tano kama ulete masweta ya watoto kabla baridi haijakolea, watakujibu "leta dada, Mungu akubariki." Kusema leta hakuna gharama. Weka picha, bei, saizi na lipa namba, kisha uone nani anatuma hela.

Najua jibu la wauzaji: bei ikiwa hadharani, washindani wataiona. Haya, nenda soko la Mwanjelwa. Kipande cha boksi kimechomekwa kwenye gunia, bei imeandikwa kwa maka peni, na jirani wa meza ya pili anaisoma bila hata kunyoosha shingo. Biashara inaendelea. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba mtandaoni bei ni siri ya ndoa.

Kitu kingine wachache wanakifungua: akaunti ya biashara ya Instagram inakuonyesha wafuasi wako wako miji gani. Ukikuta Dar es Salaam inaongoza, ujue mteja wako ananunua mchele pamoja na safari yake. Sema basi mzigo unashukia wapi, nani analipia usafiri, na unaanza kutuma kuanzia kilo ngapi.

Ila mtandao si soko zima. Chukua parachichi za Rungwe. Mtandaoni mtu wa mjini akiona Hass iliyoiva anauliza, "mbona nyeusi, imeoza?" Usimjibu kwa hasira, piga picha tunda limekatwa katikati, aone nyama ya ndani, umweleze kwamba aina hiyo ikiiva ganda linakuwa jeusi. Lakini mama wa Tukuyu anayebeba tenga la parachichi za kienyeji ana kitochi, na hatakomenti popote. Yeye mfuate gulioni umuulize wateja wake wanachagua tunda lipi na wanaliacha lipi. Anayepanga biashara kwa maoni ya Instagram peke yake atawajua vizuri watu wa Sinza na Mbezi, wa Kiwira asiwajue.

La mwisho linaniudhi. Kuna wauzaji wanapiga skrinishoti za mazungumzo na wateja na kuzibandika kama ushuhuda, jina na namba ya simu vikionekana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi. Muombe ruhusa kwanza. Akikubali, bado ifiche namba.